Tangu Gitaa Lipate Kumbukumbu

Katika gazeti hili mtasoma historia za watu. Mimi nawaletea historia ya chombo, maana chombo nacho kina ukoo, na asiyeujua ukoo wake hushangaa tabia zake.

Hebu fikiri. Wimbo unakwenda taratibu, watu wanaimba. Mpiga gitaa anakanyaga kitufe apate sauti ya fidla, na ghafla gitaa linawafunika wote. Anakanyaga tena apate filimbi, nayo haisikiki kabisa. Watu wanageuka kumtazama fundi mitambo, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Kumbe jambo hili lilianza zamani, na mbali.

Mwaka 1972 Ikutaro Kakehashi alianzisha kampuni ya Roland mjini Osaka, Japani. Mwaka 1977 kampuni hiyo ikatoa sinthesaiza ya gitaa iitwayo GR-500. Gitaa lake lilikuwa na kinasa sauti chenye sehemu sita, ili mashine isikie kila uzi peke yake. Baadaye ikaja GR-300, ambayo Pat Metheny wa Marekani aliipiga mpaka ikajulikana duniani. Mashine hizo hazikuwa na kumbukumbu. Ukitaka sauti nyingine, unazungusha vifundo kwa mkono, na sikio linausimamia mkono hapo hapo.

Mwaka 1984 ikatoka GR-700. Hii iliweza kuhifadhi sauti 64, nawe ukaziita kwa mguu. Lilikuwa jambo kubwa kweli, lakini ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Sauti ikihifadhiwa, inahifadhiwa pamoja na volyumu yake. Ukiitengeneza moja usiku kwa upole na nyingine mchana katikati ya kelele, kila moja itarudi na kipimo cha siku yake. Kufikia GR-55 ya mwaka 2011, sauti moja iliyohifadhiwa inaweza kubeba vyanzo vinne: sauti mbili za sinthesaiza, gitaa la kuigizwa, na gitaa lenyewe. Kwa hiyo mizani ni mbili: ya ndani ya sauti, na ya kati ya sauti na sauti.

Utaniuliza, si tutazame tu taa za kipimo? Ndugu yangu, taa si sikio. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba volyumu ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kuliko sauti za katikati. Ndiyo maana sauti nzito uliyoiongeza chumbani kwa hedifoni huja kunguruma ukumbini. Tena uzi ukipigwa hulia na kufifia, bali fidla inakaa. Taa zitaonyesha sawa, na sikio litasema fidla imezidi.

Hasara nayo ipo. Desibeli 10 za ziada, mtu huzisikia kama sauti imekuwa mara mbili tu, lakini zinadai nguvu ya umeme mara 10. Sauti moja iliyozidi yaweza kuunguza spika ambayo kusanyiko zima lilichangia.

Basi wewe mpiga gitaa, fanya hivi. Anza na kinasa sauti: bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, nafasi iliyobaki iwe kama milimita 1, kisha rekebisha usikivu wa kila uzi mpaka zote sita zijibu sawa. Chagua sauti moja unayoitumia zaidi, hiyo iwe kipimo. Sawazisha vyanzo vya ndani ya kila sauti, halafu linganisha kila sauti na ile ya kipimo, moja baada ya nyingine. Fanya hivyo ukumbini, kwa volyumu ya siku yenyewe, wenzako wakipiga na waimbaji wakiimba. Sauti inayopendeza ukiwa peke yako mara nyingi humezwa besi na ngoma zikiingia. Ukimaliza, hifadhi, la sivyo umefanya kazi bure. Nafasi ya kupanda wakati wa kupiga peke yako iachie kanyagio la volyumu.

Mpiga kinanda, nawe usidhani hayakuhusu. Kinanda chako kina mamia ya sauti zilizohifadhiwa, na tabia ni ile ile.

Na ninyi viongozi, kwenye mikutano yetu ya pamoja vyombo hutoka nchi hii na ile, na kila kimoja kimepimwa kwake. Wapeni vijana saa moja kabla watu hawajaingia. Mketisheni mtu mmoja kiti cha nyuma kabisa, mwenye sikio zuri na asiye na chombo, awe ndiye wa kusema imezidi au imepungua. Akisema yeye, mpiga gitaa asibishane naye. Huko anakoketi ndiko watakakoketi wazee wetu, na wao walikuja kuimba.