Satelaiti haijui namba ya nyumba

Mwaka 1985, dereva wa California mwenye fedha za kuchezea aliweza kununua kifaa kilichoitwa Etak Navigator. Kilifungwa karibu na usukani, kikiwa na kioo kidogo cha mistari ya kijani, na ramani zake zilihifadhiwa kwenye kanda za kaseti. Kanda moja haikutosha eneo lote la San Francisco na vitongoji vyake. Ukitoka upande mmoja kwenda mwingine, unachomoa hii, unachomeka ile. Bei yake ilizidi dola 1,300, na kwa fedha hizo dereva aliandika jina la mtaa na namba ya nyumba, kisha alama ikatokea kwenye ramani kumwonyesha anakokwenda.

Kifaa hicho hakikutumia satelaiti hata moja. Kilihesabu mizunguko ya magurudumu, kikasoma dira, kisha kikalinganisha mwendo wa gari na umbo la barabara zilizomo kwenye kanda. Gari likikata kona, kifaa kilitafuta kona ya karibu kwenye ramani na kujisahihisha. Mbunifu wake alikuwa Stan Honey, mhandisi na baharia wa mashua za tanga, na mtaji ulitoka kwa Nolan Bushnell, mwanzilishi wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Atari.

Tumezoea kusimuliwa historia ya GPS kuanzia angani, kana kwamba satelaiti ndiyo inayotafuta nyumba. Sivyo. Satelaiti inakusaidia kujua wewe uko wapi, basi. Nyumba unayoitafuta iko wapi, hilo linatoka kwenye orodha iliyoandikwa na watu huku chini, na orodha hiyo ilianzia mahali ambapo wengi hawatarajii: kwenye sensa.

Sensa ya Marekani ya mwaka 1970 ndiyo ya kwanza kuendeshwa kwa sehemu kubwa kwa njia ya posta. Dodoso lilitumwa nyumbani, likajazwa, likarudishwa. Sasa, kompyuta iliyopokea fomu ya nyumba fulani ya mtaa fulani ilipaswa kujua nyumba hiyo imo katika eneo gani la kuhesabia. Ndipo Ofisi ya Sensa, ikifanya majaribio yake katika mji wa New Haven, Connecticut, ikabuni mfumo wa mafaili ulioitwa DIME. Kila mtaa ulikatwa vipandevipande, kutoka makutano hadi makutano. Kila kipande kikaandikiwa kinapoanza na kinapoishia, kuna nini kushoto na kulia, na namba za nyumba zinaanzia ngapi hadi ngapi kila upande. Kwa sensa ya 1990 mafaili hayo yalipanuliwa yakawa TIGER, yakifunika nchi nzima. Marvin White, mmoja wa wanahisabati waliofanya kazi hiyo sensani, alihamia Etak.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ndiko yanakotoka matatizo mengi ya kupotea. Tuseme faili linasema kipande fulani cha mtaa, upande wa kulia, kina namba shufwa kuanzia 2 hadi 100. Wewe unatafuta namba 50. Kifaa hakina nyumba namba 50 kichwani. Kinagawa tu: hamsini ni nusu ya mia, basi kinakupeleka katikati ya kipande. Nyumba zikiwa zimepangana kwa nafasi sawa, utafika mlangoni. Lakini kama nyumba zote zimejazana mwanzoni mwa mtaa na mbele yake ni uwanja wa mpira, sauti itakutangazia kwamba umefika ukiwa umesimama kando ya goli. Ongeza nyumba za kona ambazo geti lake linatazama mtaa mwingine, nyumba za uani zisizogusa barabara, na mitaa iliyojengwa baada ya faili kuandikwa. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo satelaiti inaweza kulirekebisha.

Kwa upande wa angani, mambo yalikwenda kwa awamu. Mpango wa GPS uliidhinishwa na jeshi la Marekani mwaka 1973, satelaiti ya kwanza ikarushwa Februari 1978. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ilipotea njia, ikaingia anga ya Kisovieti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa, na Rais Reagan akaahidi kwamba mfumo huo utakuwa wazi kwa raia wa dunia nzima. Mwaka 1995 ulitangazwa kukamilika. Hata hivyo, raia walipewa mawimbi yaliyovurugwa makusudi, yanayoweza kukosea hadi mita 100, mpaka Rais Clinton alipoagiza uvurugaji huo uzimwe Mei 2000. Kuanzia hapo vifaa vya Garmin na TomTom vikajaa kwenye vioo vya magari ya Ulaya na Marekani.

Kosa la angani likapungua hadi mita chache, malalamiko ya anwani yakabaki palepale. Madereva wa mizigo wakajifunza mbinu zao: namba ikikataa, andika namba ya jirani, jirani naye akikosekana, andika makutano ya karibu, au ingiza latitudo na longitudo moja kwa moja. Uingereza, ambako miji mingi ina mtaa uitwao High Street, ukisahau postikodi unaweza kufika mkoa mwingine kabisa. Na kampuni zenyewe zilijua thamani iko wapi. Mwaka 2008 TomTom ilitoa euro bilioni 2.9 kuinunua Tele Atlas, kampuni ya ramani ambayo nayo ilikuwa imeimeza Etak mwaka 2000. Fedha zote hizo zililipwa kwa ajili ya orodha.

Kwetu orodha hiyo haikuwapo. Barua za Afrika Mashariki ziliandikwa S.L.P., na mtu alizifuata mwenyewe posta. Kwa kuwa tarishi hakupita mlangoni, nyumba nyingi hazikuhitaji namba. Tukaelekezana kwa watu na vituo: Sinza kwa Remmy, Mtoni kwa Aziz Ali, Tandale kwa Mtogole. Bodaboda wa Dar es Salaam anakufikisha kwa maelezo ya namna hiyo bila taabu. Kifaa kilichotengenezwa kwa kufuata sensa ya Marekani hakiyaelewi.

Kazi ya kujaza pengo ilianza kwa miguu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walitembea vichochoro vya mtaa wao wakiwa na vipokezi vya GPS mkononi, wakaviingiza vichochoro hivyo kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuihariri. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale wakafanya vivyo hivyo. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaipeleka kazi hiyo kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko Dar es Salaam.

Kisha ikaja sensa tena. Februari 2022 serikali ya Tanzania ilizindua Operesheni Anwani za Makazi, ili nyumba ziwe na namba na mitaa iwe na majina kabla ya Watanzania kuhesabiwa Agosti 23. Vibao vikapigiliwa, nguzo za mitaa zikasimikwa, taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa NaPA unaofunguka kwenye simu. Ilikuwa kazi ya haraka mno, na katika haraka hiyo mitaa mingine ilipewa majina ambayo wakazi wenyewe hawayatumii hadi leo. Lakini ndiyo orodha tuliyo nayo, na ni bora kuliko kutokuwa nayo.

Kwa hiyo, msomaji, fungua NaPA leo uangalie kama kibao cha mlangoni kwako kinalingana na kilichomo humo. Kama kimeng'oka, au namba si yenyewe, nenda kwa mtendaji wa mtaa wako ukamwambie. Ukipiga 114 usiku nyumba ikiwaka, zimamoto watataka kujua uko wapi.