Kutoka Wodini hadi Mtaani: Matunzo ya Wazee Nsambya, Kampala, 1903–2021

Historia ya matunzo ya wazee jijini Kampala husimuliwa kwa njia mbili zisizokutana: ya hospitali na ya mabaraza ya mitaa. Kilima cha Nsambya, katika Divisheni ya Makindye, kinatoa nafasi ya kuzisoma njia hizo pamoja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Nsambya ilijifunza mapema namna ya kumfuata mgonjwa nyumbani kwake, ilhali sheria za serikali za mitaa zilimpa mzee sauti barazani. Mafunzo hayo mawili yalikua chini ya mamlaka tofauti, na gharama ya utengano huo humwangukia mzee.

Mnamo mwaka 1903 masista sita Wafransisko kutoka Mill Hill, Uingereza, walifika Nsambya. Miongoni mwao alikuwamo Teresa Kearney, aliyekuja kujulikana nchini kote kama Mama Kevina. Zahanati yao, iliyoanza chini ya mwembe, ndiyo iliyokua ikawa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Katika fikra za wakati huo mzee hakuwa kundi la kupangiwa huduma. Alikuwa dhamana ya ukoo wake, na asiye na ndugu aliangukia hisani ya Kanisa. Fikra hiyo ilidumu hata baada ya uhuru. Mwaka 1978 Kadinali Emmanuel Nsubuga alianzisha nyumba ya Bakateyamba huko Nalukolongo, upande mwingine wa jiji, kwa ajili ya wazee na wengine waliokosa wa kuwatunza.

Janga la UKIMWI ndilo lililobadili mbinu. Mwaka 1987 Sista Miriam Duggan, daktari wa hospitali hiyo, alianzisha huduma ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Mzee alikuwamo katika nyumba hizo, lakini kama mtunzaji: katika Uganda ya miaka ile mabibi na mababu ndio waliowauguza wanao na kuwalea wajukuu yatima. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda katika nyumba iliyoazimwa na Hospitali ya Nsambya, akaeneza tiba shufaa na matumizi ya mofini ya maji kwa wagonjwa waliolala majumbani. Kufikia mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu wenye mafunzo maalumu kuandika mofini. Hatua hiyo ilithibitisha kwamba mbinu iliyozaliwa katika hospitali ya misheni yaweza kuwa sera ya taifa.

Njia ya pili ilianzia kwenye siasa. Mabaraza yaliyoenezwa nchini baada ya mwaka 1986 yaligeuka kuwa Mabaraza ya Mitaa (LC) chini ya Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997. Katiba hiyo, katika malengo yake ya kitaifa, iliitaka dola kuweka utaratibu wa ustawi wa wazee. Ikafuata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2009, kisha Sheria ya Baraza la Taifa la Wazee ya mwaka 2013, na mwaka 2021 wabunge watano wawakilishi wa wazee wakaingia Bungeni kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, ngazi iliyo karibu zaidi na mlango wa mzee, yaani LC1, ilikaa bila uchaguzi tangu mwaka 2001 hadi Julai 2018. Sauti ilipanda juu huku shina likidhoofika.

Pengo lenyewe ni la kiutawala. Masuala ya wazee yamo katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Dawa na watumishi wa tiba wamo katika Wizara ya Afya. Hata ndani ya Mamlaka ya Jiji la Kampala, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010, afya ya umma na huduma za jamii ziliwekwa katika kurugenzi mbili. Umri nao haulingani: sera humtambua mzee tangu miaka 60, bali ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwezi, ilipoenezwa nchi nzima, ililenga wenye miaka 80 na zaidi. Ada zilifutwa mwaka 2001 katika vituo vya serikali, si katika hospitali za Kanisa. Mkazi wa Nsambya mwenye miaka 70 na shinikizo la damu anahesabika kuwa mzee, hapati ruzuku, na hospitali iliyo jirani naye hutoza ada.

Historia hii inawaelekeza watunga sera kwenye parokia ya kiutawala kuliko kwenye taasisi mpya. Wenyeviti wa LC1 wanawajua wazee wa mitaa yao. Timu za afya za vijiji hupita majumbani. Hospitali ina uzoefu wa matunzo ya nyumbani tangu mwaka 1987. Kinachohitajika kwanza ni orodha moja ya wazee kuanzia miaka 60, inayotunzwa kwa pamoja na baraza na kituo cha afya, pamoja na kifungu kimoja cha bajeti kinachojibiwa na kurugenzi zote mbili.