Mwanadata Ana Kosa Gani?

Safari hii kamati ya istilahi imetupatia "mwanasayansi wa takwimu" kuwa Kiswahili cha "data scientist". Maneno matatu kwa kazi moja, na neno la mwisho lina wenyewe.

Serikali ya Tanzania ina Mtakwimu Mkuu, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilishiriki kuhesabu watu milioni 61.7 katika sensa ya Agosti 2022. Utakwimu ni taaluma kamili, yenye sampuli, makisio na majedwali yake. Kijana anayeifundisha kompyuta kukisia nani hatalipa mkopo wa simu akiitwa mwanasayansi wa takwimu, mtakwimu atauliza, tena kwa haki: na mimi ni kibarua wa takwimu?

Neno lenyewe halikuanzia kwenye hesabu. Ni taqwim ya Kiarabu, shina lake q-w-m, yaani kusimama. Likapata maana ya kunyoosha kilichopinda, kisha kalenda. Kalenda ndiyo maana iliyomo katika kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya mwaka 1939. Hadi leo, anayeulizia taqwim Muscat huonyeshwa kalenda. Mwenye haja ya hesabu za serikali huulizia ihsaa. Shina hilohilo limezaa kaimu, makamu, kima na Kiyama, hivyo kaimu mkurugenzi na siku ya hukumu ni ndugu wa damu. Kiswahili kiliichukua kalenda kikaigeuza hesabu za taifa bila kumwomba mtu ruhusa. Lugha yenye ujasiri huo haihitaji kuogopa "data", ambayo Kilatini ilimaanisha vilivyotolewa tu.

Wapo wanaopendekeza "taarifa", wakitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini taarifa imekwisha kupikwa. Data bado mbichi.

Na hiyo sayansi? Mwaka 2008 DJ Patil wa LinkedIn na Jeff Hammerbacher wa Facebook walikuwa wakitafuta jina la kuwaita watu wa vikosi vyao. "Mchambuzi wa biashara" waliliona jembamba. "Mchambuzi wa data" walilihofia kwamba lingewafunga watu mikono, na "mwanasayansi mtafiti" lilinuka maabara za mbali na bidhaa. Wakachagua lililobaki: "data scientist". Ndivyo sayansi ilivyoingia: kwa mlango wa idara ya ajira.

Wenyewe walifika kwa njia za panya. Patil alianzia De Anza, chuo cha jamii huko California, akasoma hisabati mpaka udaktari Maryland, akichezea data za hali ya hewa. Mwaka 2015 Obama akampa cheo cha kwanza cha aina hiyo katika serikali ya Marekani. Hammerbacher alitoka na hisabati yake Harvard akapitia benki ya Bear Stearns. Hakuna aliyetoka kwenye kitivo chenye jina la kazi hii, kwa sababu jina la cheo walikuja kulichagua wao.

Kwa nini basi Mswahili abebe cheo kilichochaguliwa kuvutia waombaji wa California, tena akifasiri neno kwa neno? Tunaye mwanasheria, mwanahabari, mwanamaji, mwanaanga. Tumpokee mwanadata, wanadata, na taaluma yao iwe uanadata. Mwanadata ni silabi nne, na mtakwimu anabaki na kiti chake.

Mpinzani mmoja anadai mwanadata ni "mtoto wa data". Mbona mwanamaji hajawahi kutafutiwa baba baharini? Wajumbe wa kamati nao, wanaojiita wanakamati bila aibu, ndio walioguna kwa sauti neno hili lilipotajwa mbele yao.

Matumizi ni mepesi. Tangazo liseme: anatafutwa mwanadata anayejua SQL na Python. Na mshahara utajwe.