Yoga na taamuli: Jinsi mtu anavyoyatazama mawazo yake

WENGI wanaposikia yoga huwazia mtu anayejinyoosha juu ya mkeka. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Katika Yoga Sutra, kitabu cha Kisanskriti kinachonasibishwa na Patanjali wa India, mikao ya mwili imegusiwa katika vifungu vichache mno. Shughuli kuu ni kuutuliza mchafuko wa akili. Mchafuko huo umegawanywa mafungu matano: maarifa ya kweli, maarifa potovu, dhana tupu, usingizi na kumbukumbu. La ajabu ni kwamba hata maarifa ya kweli yamo. Lengo basi si kupalilia mawazo mema na kung'oa mabaya, bali kumtenga anayetazama na kile anachokitazama.

Mtu huketi wima, akaelekeza fikira kwenye pumzi. Punde si punde akili huzurura: deni la dukani, ugomvi wa jana, karo ya watoto. Hajilaumu. Hutambua kuwa wazo limekuja, pengine akalipa jina, "hofu" au "mpango", kisha akarejea kwenye pumzi. Kutambua huko ndiko zoezi lenyewe. Wanaodhani wameshindwa kwa sababu akili haikutulia wamelielewa jambo hili kinyume.

Mnamo 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya aina hii katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Mafunzo hayo ya majuma 8 huchanganya taamuli ya Kibudha na yoga, pasi na ibada.

Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyarekebisha kwa ajili ya waliopona sonona. Kwa mtu wa aina hiyo, huzuni ndogo huweza kuamsha wazo kwamba hana faida, nalo likamburuta hadi kitandani. Akilitambua kuwa ni wazo tu, wala si hukumu, hulipunguzia makali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2000, miongoni mwa waliowahi kuugua mara 3 au zaidi, asilimia 37 ya waliopewa mafunzo walirudiwa na maradhi, ikilinganishwa na asilimia 66 ya waliopata matibabu ya kawaida pekee. Waliougua mara 2 tu hawakuonyesha nafuu hiyo.

Aidha, kuna wanaoumizwa na ukimya. Waliopitia mateso makali huweza kuvamiwa na kumbukumbu wafumbapo macho, na heri waanze chini ya uangalizi wa mtaalamu. Naye anayemeza dawa za sonona asiziache kabla ya kushauriana na daktari wake.