Panda ya Bunduki

Ukitaja "masafa marefu" Kericho au Bomet, msikilizaji humwona mkimbiaji. Ana haki. Kericho ndiko kwao Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo mwaka 1964. Ila mita 800 wanariadha huziita masafa ya kati. Kwa mlenga shabaha mwenye bunduki ya risasi za milimita 7.62, hapo ni mbali mno: risasi hukaa hewani zaidi ya sekunde moja, na muda wote huo upepo unaipeleka kando.

Umbali huo haulengwi kwa kusimama. Mtu hulala, na hapo wengi hukimbilia neno "kifudifudi". Mimi silipendi kwa kazi hii, kwa sababu aliyelala kifudifudi uso wake umeelekea chini, naye mlengaji ameinua kichwa, jicho kwenye darubini. "Kulalia tumbo" kunaeleza sawasawa, na kunanyambulika bila shida.

Sasa kile chombo chenye miguu miwili kinachoshikilia mtutu. Si kigeni kwa wazee wa huku. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, Wakipsigis wengi miongoni mwao, walipigana Burma mwaka 1944, na bunduki yao ya rashasha, Bren, ilikuwa na miguu ya kukunja. Lugha ya jeshi hilo ilikuwa Kiswahili. Nimesikia kikiitwa "stendi", nikasikia "miguu". Stendi ni ya baiskeli, tena ni ya matatu. "Egemeo" ni zuri lakini ni pana, kwani hata mfuko wa mchanga ni egemeo.

Napendekeza panda. Mtoto yeyote aliyechonga manati analijua: tawi linalogawanyika pande mbili. Neno hili lina faida kubwa, kwamba linapeleka jicho pale miguu inapokutana, na ubora wa chombo hukaa hapo hapo. Panda iliyolegea kwenye maungio huacha mtutu ucheze, hata miguu ingekuwa ya chuma kigumu namna gani.

Maungio hayo tuyaite shingo. Katika nchi hii yetu ya chai shingo inayoinama kushoto na kulia ni lazima, maana ardhi tambarare ni adimu. Mguu mmoja ukikaa chini kuliko mwenzake, bunduki hulala upande, na risasi huangukia upande huo. Kosa hukua kadiri umbali unavyoongezeka. Shingo ikiinama, mtu huinyoosha bunduki kisha akakaza shingo.

Urefu wa miguu hauhitaji maneno mengi. Kwa anayelalia tumbo, sentimita 15 hadi 23 zinatosha; mirefu zaidi huyumba. (Katikati ya chai yenyewe hakuna urefu utakaosaidia: meza ya michai hufika kiunoni, na aliyelala huona mashina tu.)

Nyayo ndizo zinazonishughulisha. Udongo wetu mwekundu hunywa mvua karibu kila alasiri. Nyayo za mpira hufaa sakafu ya saruji, lakini kwenye nyasi zilizolowa huteleza, na mlengaji hawezi kuisukuma bunduki mbele kwa bega ili ipige teke lilelile kila mara. Hapo hutakiwa kucha za chuma. Kwenye saruji kucha hizo hizo hurukaruka.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na bunduki haimilikiwi bila leseni, basi wanaohitaji istilahi hizi ni askari wa wanyamapori, polisi na wanamichezo wa shabaha. Ni wachache, lakini wanafundishana kwa Kiswahili. Mkufunzi aweze kumwambia mwanafunzi wake: chukua panda fupi, shingo ya kuinama, kucha za kubadilisha, kaza shingo kabla hujalalia tumbo.