Kudumisha watazamaji wa video za mtandaoni

Kudumisha watazamaji ni kazi ya kutengeneza na kurekebisha video za mtandaoni ili anayezifungua azitazame kwa muda mrefu, arudi siku nyingine, na mwishowe ajisajili kwenye chaneli. Nchini Kenya kazi hii imekua pamoja na YouTube, Facebook na TikTok. Mifano mingi katika makala hii inatoka Kitale, Bungoma na njia ya Endebess hadi Suam kwenye mpaka wa Uganda, eneo la wakulima wa mahindi na la lugha nyingi.

Asili

YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Katika miaka yake ya kwanza ilipendekeza video hasa kwa kuangalia idadi ya waliozibofya, hali iliyozaa vichwa vya uongo na picha za jalada zisizohusiana na kilichomo. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilianza kutanguliza muda ambao watu wanatumia kutazama. Ushauri mwingi wanaopewa watayarishaji leo unatokana na badiliko hilo.

Kenya iliunganishwa na nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS mwaka 2009, na mwaka uliofuata video ya wimbo "Ha-He" ya kundi la Just a Band, yenye mhusika Makmende, ikasambaa nchi nzima na nje. Aprili 2020 klipu fupi ya Azziad Nasenya akicheza wimbo "Utawezana" wa Femi One na Mejja ilimpa umaarufu ndani ya siku chache.

Vipimo

Mwenye chaneli husoma hali ya video zake katika YouTube Studio. Kipimo cha kwanza ni asilimia ya walioiona picha ya jalada wakaibofya. YouTube yenyewe inaeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo anayepata asilimia 5 hana sababu ya kukata tamaa. Kipimo cha pili, chenye mafunzo mengi zaidi, ni grafu ya ubakiaji: mstari unaoonyesha, sekunde baada ya sekunde, ni sehemu gani ya watazamaji bado wapo.

Mstari huo karibu kila mara huporomoka mwanzoni. Ukiendelea kushuka polepole, video ina afya. Bonde la ghafla huonyesha mahali watu waliporuka mbele au kuondoka, na kilima huonyesha mahali waliporudia. Katika video ya kupanda mahindi, kilima penye kipimo cha mbolea huashiria kwamba mkulima amerudi kusikiliza tena, pengine kalamu mkononi. Mtayarishaji makini ataandika kipimo hicho kwa herufi kubwa kwenye skrini, na video inayofuata ataijenga juu yake. Bonde penye hadithi ya safari ya kufika shambani linamwambia kwamba hadithi hiyo ikatwe.

Asilimia peke yake hupotosha. Video ya dakika 10 iliyotazamwa kwa wastani wa asilimia 40 imempa mwenyewe dakika 4 za kila mtazamaji. Ya dakika 2 iliyotazamwa kwa asilimia 80 imempa dakika 1 na sekunde 36 tu. Hata hivyo, kurefusha video kwa maneno matupu hakusaidii. Tangu Julai 2020 video za kuanzia dakika 8 zinaruhusiwa kubeba matangazo katikati, na tamaa ya kufikia dakika hizo imeharibu video nyingi ambazo zingekuwa nzuri kwa dakika 5.

Mwanzo wa video

YouTube huwaonyesha watayarishaji ni asilimia ngapi ya watazamaji walibaki baada ya sekunde 30. Katika chaneli nyingi za Kenya sekunde hizo huliwa na nembo inayozunguka, muziki, salamu ndefu na ombi la kujisajili kabla mtazamaji hajapewa chochote. Salamu ni heshima na haifai kufutwa. Neno moja la salamu linatosha, kisha jambo lenyewe. Kipindi cha *Shamba Shape Up*, kilichoanza kurushwa mwaka 2012, ni mfano mzuri: kamera inaingia katika boma la mkulima halisi, tatizo linaonekana, na mtazamaji anabaki ili aone limetatuliwaje.

Picha ya jalada nayo ni ahadi. YouTube inapendekeza ukubwa wa pikseli 1280 kwa 720, lakini wengi huitazama kwenye simu ndogo. Maneno matatu makubwa na sura moja hushinda picha iliyojaa maandishi. Kilichoahidiwa kionekane mapema, la sivyo mstari wa grafu huanguka.

Sauti na lugha

Mtazamaji huvumilia picha hafifu kuliko sauti mbovu. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon upepo hufunika sauti, na dawa yake ni ya bei nafuu: kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, chenye kifuniko cha manyoya, au simu ya pili ya kurekodi iliyowekwa karibu na mdomo. Fedha zinazotengwa kwa kamera mpya zingefanya kazi kubwa zaidi hapa.

Kiswahili huvuka mpaka wa Suam na kuwafikia watazamaji wa pande zote mbili. Lubukusu na Kisabaot zina watazamaji wachache zaidi kwa hesabu, ila ni waaminifu: Mbukusu aliye Nairobi au ng'ambo hukaa hadi mwisho akisikia lugha ya kwao. Kisabaot husikika pia kwa Wasebei wa upande wa Kapchorwa, Uganda. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha huruhusu video moja kuhudumia makundi yote.

Misimu

Video za magharibi mwa Kenya hufuata kalenda mbili. Ya kwanza ni ya shamba. Mvua za Machi na Aprili huleta maswali ya mbegu na mbolea; viwavijeshi vamizi, vilivyoingia Kenya mwaka 2017, vilizusha maswali mapya. Video inayojibu swali la namna hiyo inaweza kupata watazamaji wapya kila msimu, mradi kichwa chake kitumie maneno ambayo mkulima mwenyewe angeyaandika anapotafuta, na ipandishwe wiki chache kabla ya mvua.

Kalenda ya pili ni ya tohara ya Wabukusu, inayofanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Mlio wa kengele za chinyimba na wimbo wa sioyaye asubuhi vijana wanapotoka mtoni ni mambo yenye mvuto mkubwa, lakini hamu yake hupungua Septemba. Wengi wa vijana hao ni watoto kisheria, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Hakuna idadi ya watazamaji inayohalalisha kupuuza jambo hilo.



Mapato

Tangu 2018 mgao wa matangazo wa YouTube unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mwaka 2023 uliongezwa mlango wa video fupi: kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya siri kwa barua, hivyo sanduku la posta linalofanya kazi ni lazima. Malipo huanza kwenye dola 100. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali, baada ya pendekezo la asilimia 15 kupingwa vikali.

Hali ya sasa

Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliitaja Kenya kuwa ya kwanza kwa matumizi ya TikTok miongoni mwa nchi zilizochunguzwa, kwa asilimia 54. Mwaka huohuo YouTube ilianza kugawana mapato ya matangazo na watayarishaji wa video fupi.