Safu ipi, ya wima au ya mlalo?

Agizo "panga upya safu za jedwali" lina walakini, kwa kuwa safu kwa Mswahili ni mstari wowote: safu ya waumini msikitini imelala, safu ya gazeti imesimama. Kwa mwandika programu hizo ni kazi mbili. Katika pandas, maktaba ya lugha ya Python, kupanga safumlalo kwa umri hubadili nani atangulie; kupanga safuwima ni kuorodhesha tu majina yake kwa mfuatano unaoutaka, umri kabla ya jina, na hakuna taarifa ya mtu inayoguswa. (Ila jina moja ukilisahau, safuwima hiyo haimo katika jedwali jipya, wala kompyuta hailalamiki.)

Atasema mtu kwamba muktadha unatosha. Gazetini, sawa, lakini anayefuata maelezo ya msimbo mara nyingi hana jedwali mbele yake. Wengine husema "kolamu". Silikatai, ila halina mwenzake wa kulala, ilhali safuwima na safumlalo hujieleza zenyewe. Walimu wa kompyuta, acheni kuandika "safu" tupu.